Jumanne Haikuandikwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Bonde la Msimbazi

Rufaa ilikuwa karatasi moja. Mwalimu wa darasa la 6 katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, aliandika kuwa binti wa miaka 12 "ni mtoro sugu, mlezi wake ameitwa mara 3 hajafika, ofisi ya ustawi itusaidie." Karatasi ikafika kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, naye akamkabidhi mwanafunzi wangu wa mwaka wa 3 aliyekuwa fildi ofisini hapo tangu mwanzoni mwa Julai 2024. Msimamizi wake kutoka chuoni nilikuwa mimi. Kila baada ya wiki 2 nilisoma kitabu chake cha kumbukumbu na kutia sahihi.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda fildi na walimu wenzangu wanaowasimamia. Majina nimeyaacha yote, mtaa sikuutaja, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Bibi wa binti huyo, ambaye ndiye mlezi wake, alisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Aliniomba nirekebishe sehemu moja: nilikuwa nimeandika anauza maandazi, akasema anauza vitumbua, na mtu asiyejua tofauti ya mchele na ngano hawezi kuelewa hasara aliyoipata. Alikuwa na haki, kama itakavyoonekana.

Shauri lilivyofunguliwa

Mwanafunzi alifanya kila tulichomfundisha. Alikwenda nyumbani, akaamkia, akajitambulisha, akaeleza kilichomleta, akakaa kwenye kigoda alichopewa na kufungua fomu ya tathmini. Bibi ana miaka 61. Anaishi na wajukuu 2 kwenye chumba kimoja cha kupanga, huyo binti na mdogo wake wa darasa la 2. Mama yao yuko Uarabuni kwa kazi za ndani, na hela yake huja kwa msimu.

Fomu inauliza kama mlezi ana watu wa kumsaidia. Bibi akajibu, "Hapana, namtegemea Mungu." Inauliza kipato cha mwezi. Akasema hajui. Inauliza kwa nini mtoto hukosa shule. Akasema huumwa tumbo. Mwanafunzi aliporudi mara ya pili, siku ya Jumanne, mlango ulikuwa umefungwa. Jumanne iliyofuata ikawa vilevile, na jirani akamwambia, "Dada, Jumanne humpati huyo." Akaandika kwenye kitabu: "Mlezi hakupatikana kwa mara ya pili. Mlezi hana ushirikiano." Kurasa 4 mbele alikuwa ameambatisha nakala ya daftari la mahudhurio ya mtoto tangu Mei. Alama za kutokuwepo zilikuwa zimejipanga kwenye safu moja kama shanga: Jumanne, Jumanne, Jumanne, na Alhamisi moja.

Kurasa 4 tu. Nilizisoma zote, sikuona kitu, nikatia sahihi.

Tathmini ya kwanza ilihitimisha kwamba kuna ulezi hafifu unaotokana na umri wa mlezi na kipato duni, na kwamba mtoto yuko katika hatari ya kutelekezwa. Ilipendekeza Bibi apewe ushauri nasaha juu ya malezi, na hali isipobadilika ndani ya mwezi mmoja mtoto atafutiwe makao. Neno hilo "makao" si jepesi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kumtoa mtoto mikononi mwa mlezi wake ni suala la amri ya mahakama, na maombi ya amri hiyo hutoka kwa afisa ustawi. Sentensi moja ya mwanafunzi wa miaka 23, yenye sahihi yangu chini yake, ilikuwa imeshashika njia ya kuelekea huko.

"Jumanne hujaiandika"

Nina utaratibu mmoja ninaoushikilia: tathmini isomwe mbele ya mwenyewe kabla haijaingia kwenye jalada. Wanafunzi wengi huuona ni kazi ya ziada, na wengine huuogopa, kwa sababu ni rahisi kuandika "mlezi mzembe" ofisini na ni vigumu kulitamka neno hilo ukiwa umekaa kwenye kigoda cha mlezi mwenyewe.

Tulikwenda wawili, Jumamosi asubuhi. Bibi alikuwa jikoni, chuma cha vitumbua kiko motoni. Mwanafunzi alisoma, na sauti yake ilishuka kila alipokaribia maneno kama "hafifu" na "kutelekezwa". Bibi alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua vyake kimoja kimoja. Kisha akasema:

"Umeandika vizuri, mjukuu wangu. Ila Jumanne hujaiandika."

"Jumanne kuna nini, bibi?"

"Jumanne ni marejesho."

Kwa asiyeyajua maisha hayo, nieleze. Mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu hutolewa kwa wanawake wanaodhaminiana katika kikundi. Siku moja ya wiki, saa ileile, wanakutana barazani kwa mmoja wao, na kijana wa mkopeshaji anafika na orodha yake. Hela inahesabiwa ya kikundi kizima. Ikipungua hata elfu 5, hanyanyuki mtu, hata yule aliyelipa yake yote, mpaka itimie. Bibi alikuwa amechukua laki 3, akakatwa elfu 20 ya fomu, akashika mkononi 280,000. Anarudisha elfu 30 kila wiki kwa wiki 13, yaani 390,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la 2, yaani wasiopokea amana za watu, walio chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa ukomo huo, riba ya laki 3 kwa miezi 3 isingezidi 31,500. Yeye analipa 90,000, bila kuhesabu ile ya fomu.

Mtoto anaingiaje hapo? Elfu 30 ya Jumanne haipo Jumatatu usiku. Inatafutwa Jumanne yenyewe. Bibi anaanza kuchoma vitumbua saa 11 alfajiri, saa 3 na nusu anaondoka kwenda barazani na alichokipata, na binti anabaki mezani kuuza vilivyobaki pamoja na mihogo ya kukaanga ya mchana. Ikifika saa 6 au saa 7 binti anazifunga hela kwenye pindo la mtandio, anampelekea bibi yake, kikundi kinahesabu, watu wanatawanyika. Mtoto tuliyemwandika kuwa yuko hatarini kutelekezwa ndiye aliyekuwa akisubiriwa na wanawake 18 ili waruhusiwe kurudi kwenye shughuli zao. Kwa mwalimu alisema tumbo kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa kusema.

Nilimuuliza Bibi kwa nini hakutuambia mapema. Hakukasirika. Alisema watu wenye karatasi wamekuja wengi. Walikuja wa mpango wa kusaidia kaya maskini, na wakati ule aliyesema ana kikoba au ana mtoto Uarabuni aliona jina lake halimo. Wakaja wa tathmini ya bonde, wakapima nyumba na kuuliza nani anaishi wapi. (Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022, umefanya kila mtu anayetembea na kalamu kandokando ya mto huo adhaniwe ni mtathmini.) Wakaja wanafunzi wa vyuo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo jibu la "Hapana, namtegemea Mungu" halikuwa uongo wala ukaidi. Lilikuwa jibu alilofundishwa na fomu zilizotangulia, na fomu yetu ilikuja ikalipokea kama habari juu ya maisha yake.

Hili nalisisitiza kwa wanafunzi kuliko jambo lolote lingine katika kisa hiki. Bibi ni mwanachama wa kikoba kwa miaka 6, ni mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana, na ni mtu ambaye mtaa mzima humwita msibani kusimamia jiko. Kwenye fomu yetu aliandikwa hana mtandao wowote wa msaada.

Chumba kimoja, meza mbili

Niliporudi ofisini kwa kata nilitaka kujua deni lilianzia wapi. Bibi alikuwa ameshanieleza sehemu kubwa. Masika ya 2024 yalikuja ardhi ikiwa bado imeshiba maji ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Usiku mmoja wa Aprili maji yaliingia chumbani. Mfuko wa mchele wa kilo 25, sukari na ndoo ya mafuta vilikuwa chini ya kitanda, na huo ndio uliokuwa mtaji wake wote. Ngano ukiiwahi haijalowa yote unaweza kuokoa ya katikati. Mchele uliolowa maji ya Msimbazi, maji yaliyopita vyooni, unamwagwa wote.

Angekimbilia wapi? Kikoba chao kilikuwa kimevunja mzunguko na kugawana hisa Desemba, kwa hiyo mfuko wa Aprili ulikuwa bado mchanga, na nusu ya wanachama waliingiliwa na maji usiku uleule. Kikoba humbeba mmoja akianguka. Wakianguka wote kwa pamoja, hakuna wa kumkopesha mwenzake. Ukweli huu unajulikana kwa kila mweka hazina wa kikoba cha bondeni, ila sijauona kwenye kitabu chochote tunachokifundishia.

Palikuwa na mlango mwingine. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Bibi kilikuwa kimeshaandika maombi mwanzoni mwa 2023. Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuupanga upya utaratibu wake, na ikarudishwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakuta katikati ya kipindi hicho. Wakaenda walikoweza kupata hela ndani ya siku 2.

Maombi yale yalikuwa bado kwenye droo ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Jalada la mjukuu lilikuwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Meza zao ziko chumba kimoja, katikati limesimama kabati la chuma. Wote wawili wanaheshimiwa mtaani na wana kazi nyingi kuliko saa za siku. Mmoja alijua kikundi, mwingine alijua mtoto, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama bibi wa mtoto huyu ndiye mwanachama namba 7 wa kikundi kile.

Mgawanyo huo hawakuuanzisha wao. Ni sisi tunaowafundisha tunaoupanda. Ustawi tunaufundisha kama kazi ya mtu mmoja mmoja na familia yake: sikiliza, tathmini, shauri, fuatilia. Maendeleo ya jamii yanafundishwa kwenye vyuo vingine, kwa vitabu vingine, kama kazi ya vikundi na miradi. Ninapoitazama historia ya jiji hili huo mgawanyo unaniuma. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu wapatao milioni 2 nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma pamoja, wakajadili maradhi ya kwao, wakachimba vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyoiendesha ilikuwa hapahapa Dar es Salaam. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, alikuwa amepita nchini mwaka 1971. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti wa taasisi hiyo, alitoka hapa na wazo la utafiti shirikishi na kulisambaza duniani. Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini aliishi Bunju miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, na kati ya 1975 na 1979 akashiriki kuongoza mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambapo wanakijiji walichunguza mambo yao wakiwa na watafiti, matokeo yakabaki nao.

Wanafunzi wangu wanaweza kutaja hatua za usaidizi wa mtu mmoja bila kupumua. Nikiwauliza juu ya Jipemoyo wananiangalia tu. Hata Chicago, wanayoisoma kama chimbuko la taaluma, walifundishwa nusu yake: Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii katika mtaa wa wahamiaji, mwaka 1889 walihamia mtaani kwanza, na mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo wakachapisha ramani za mishahara na asili za majirani zao. Na fasili ya kimataifa ya taaluma yetu, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inataja maendeleo ya jamii, mshikamano na maarifa ya wenyeji katika aya ileile. Hatukosi ruhusa ya kufanya kazi hivi.

Kaunta buku

Tuliiweka fomu pembeni. Mwanafunzi aliomba kwa katibu wa kikoba nafasi ya nusu saa baada ya kikao chao cha Jumapili, tukaja na swali moja tu: watoto wetu hukosa shule siku zipi?

Hapo tukakwama kwenye jambo ambalo sikulitarajia. Utaratibu wa chuo unadai kila mshiriki wa utafiti atie sahihi fomu ya ridhaa. Mama wa kwanza aliisoma, akairudisha. Wa pili hakuigusa. Katibu ndiye aliyetufafanulia: kwa wanawake hawa sahihi ni udhamini. Karatasi ya mwisho waliyotia sahihi ilisema kwamba fulani asipolipa, kabati lako litabebwa. Kuwataka watie sahihi ili "kulinda haki zao" kulikuwa kuwapa hofu ileile kwa jina lingine. Tulikubaliana ridhaa itolewe kwa mdomo mbele ya kikao, katibu aiandike kwenye kumbukumbu zao. Chuo kilikubali baada ya barua 2. Naamini ridhaa ile ilikuwa ya kweli kuliko nyingi nilizowahi kuzikusanya kwa wino.

Wakatandika kanga chini. Mmoja akachora kwa chaki ya cherehani mistari ya siku 7. Kila mama akaweka punje ya haragwe kwa kila mtoto wa nyumbani kwake kwenye siku aliyokosa shule katika mwezi uliopita. Kisha wakaweka vizibo vya soda kwenye siku za marejesho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jumanne ilikuwa na kichuguu cha maharage, na vizibo karibu vyote vilikuwa juu yake. Alhamisi kulikuwa na kichuguu kidogo na vizibo 2, vya kikundi kingine.

Kimya kilichofuata sikukikatiza. Madeni walikuwa wanajuana, wamekaa wote barazani wiki nenda wiki rudi. Ambacho kila mmoja alikificha ni mtoto. Kila mmoja alidhani ni wake peke yake anayekaa mezani akiwa na sare ya shule ndani ya mkoba. "Kumbe tunawakatisha wote," alisema mama mmoja, na mweka hazina akamjibu, "Hatuwakatishi sisi." Wakabishana kwa muda mrefu, na mwanafunzi wangu, ambaye siku za nyuma angekimbilia kutoa ushauri, aliacha wabishane.

Katibu aliandika hesabu kwenye kaunta buku la kikoba: watoto 9 wanaokosa Jumanne. Sisi tulinakili. Kitabu kilibaki kwao. Walipolinganisha na daftari la mahudhurio, jambo ambalo mwalimu wa darasa alilikubali kwa moyo mkunjufu alipoelezwa, majina yalilingana.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kanga na maharage vinatosha. Katika wale 9, watoto 7 walikuwa kwenye meza za marejesho. Mvulana mmoja alikuwa ameshaacha shule kimoyomoyo, anabeba mizigo sokoni siku zote za wiki, na Jumanne ni siku tu ambayo mama yake aliigundua. Na binti mmoja alikosa kwa sababu ambayo haikuhusiana kabisa na mkopo. Mama yake aliweka punje kwenye kanga bila kusema neno, akabaki nyuma watu walipotawanyika, akamwomba mwanafunzi waongee. Shauri hilo lilikwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku iliyofuata, na sitaliandika zaidi ya hapo. Wawili hao walihitaji kile hasa tunachokifundisha: mtu mmoja, usiri, kusikilizwa, ufuatiliaji wa karibu. Lakini yule mama asingekuja ofisini. Alikuja kwa sababu alimwona mwanafunzi amekaa chini na wenzake muda wa saa 2 bila kumnyooshea mtu kidole.

Walichoamua, na tulichobishana

Ombi la kwanza lilikuwa kwa mkopeshaji: asogeze marejesho yawe Jumamosi. Kijana wake alikataa, ana mitaa mingine Jumamosi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alizungumza naye, naye akakubali jambo moja tu, kwamba kikao kisizidi saa 6 mchana hata hela isipotimia, kiasi kinachopungua kiandikwe cha wiki ijayo. Sijui kama ahadi hiyo ingeshika bila macho ya mwenyekiti.

Ombi la pili walijiomba wenyewe. Wanachama waliokwisha kumaliza marejesho yao, pamoja na wale ambao hawakukopa, wangekaa kwa zamu kwenye meza za wenzao kila Jumanne, watu 2 kwa meza 7 zilizo karibu karibu, na kikoba kiwalipe nauli na chakula kutoka mfuko wa jamii. Hesabu ya kila meza iandikwe kabla mwenye meza hajaondoka na baada ya kurudi, kwa sababu undugu ni undugu na hela ni hela.

Kabla ya kufika hapo palikuwa na pendekezo lingine, na hapo mimi na wao tulitofautiana. Baadhi walitaka marejesho yahamie saa 9 alasiri, ili watoto watoke shule ndipo wakae mezani. Mwanafunzi alipinga. Alisema mtoto wa miaka 12 kukaa na hela barabarani ni ajira ya mtoto, na Sheria ya Mtoto inataja miaka 14 kama umri wa chini wa kuajiriwa. Mama mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, yeye alikuwa na miaka mingapi alipoanza kumsaidia mama yake. Hakujibu upesi. Nilimheshimu kwa kunyamaza, na nilimheshimu pia kwa kutolegeza aliposema baadaye kwamba kumsaidia mama na kulipa deni la mama ni vitu viwili. Pendekezo hilo lilianguka kwa kura za wenyewe. Mimi bado nadhani mpaka kati ya malezi na kazi katika nyumba za namna hii hauchoreki kwa kifungu cha sheria peke yake, na kwamba tunahitaji kuujadili na wazazi kwa miaka, siyo kwa kikao kimoja.

Maombi ya mkopo wa halmashauri yalitolewa kwenye droo. Afisa Maendeleo ya Jamii aliyapitia upya na kikundi kwa utaratibu mpya, wakarekebisha katiba na andiko la mradi. Naandika haya wakiwa bado wanasubiri jibu.

Afisa Ustawi naye alilipeleka suala zima kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, ambako kwa mara ya kwanza nilimsikia mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa na maafisa wale 2 wakizungumzia Jumanne.

Kwa upande wetu wa chuo, nimebadilisha mambo machache kwa wanafunzi ninaowasimamia. Wiki 2 za kwanza za fildi hawagusi fomu. Wanatakiwa waijue wiki ya mtaa: siku ya soko, siku ya marejesho, siku ya vikoba, saa za foleni ya maji, nani yuko nyumbani lini. Kila mmoja anakaa siku kadhaa kwenye meza ya ustawi na siku kadhaa kwenye ile ya maendeleo ya jamii. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba wiki 2 kati ya 8 ni nyingi mno kwa kitu kisicho na alama, na kwamba kisa kimoja hakiwezi kuwa msingi wa kubadili mtaala. Kuhusu alama yuko sahihi, na tumeanza kuzitoa. Kuhusu mtaala, ninachoomba ni kidogo zaidi: tusimpeleke mwanafunzi mwingine mlangoni kwa mtu siku ya Jumanne, kisha tumwandike mtu huyo kuwa hana ushirikiano.

Mwanafunzi aliandika tathmini upya. Penye "tatizo lililowasilishwa" fomu ina nafasi ya mtoto mmoja, naye akaandika majina 7, yakapita mstari, akageuza karatasi. Ikarudishwa, kwa sababu kila mtoto lazima awe na jalada lake. Akafungua majalada 7, na katika kila moja akaweka nakala ya ukurasa uleule wa kaunta buku.

Jumanne moja Bibi alimaliza marejesho yake. Wiki iliyofuata alikaa yeye kwenye meza za wenzake, na mjukuu wake alikuwa darasani.